Soko la Jirani na Soko la Mbali

Kibirichia ni mji mdogo ulioko katika miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, kati ya mji wa Meru na Timau. Nyuma yake kuna msitu na baridi ya mlima. Mbele yake ardhi yateremka hata kufikia nyanda kavu za Isiolo. Mtu asimamaye hapa asubuhi, mbingu ikiwa safi, huziona nchi mbili kwa mara moja: nchi ya mkulima na nchi ya mfugaji. Nimechagua kuianzia insha hii mahali hapa kwa sababu historia ya biashara, msomaji wangu, ni nyepesi kueleweka ukiitazama kutoka mlangoni pa nyumba yako. Mikataba na marais vitakuja baadaye. Kwanza alikuwako mtu mwenye nafaka nyingi kuliko alizoweza kula, na jirani yake mwenye mbuzi wengi kuliko aliowahitaji.

Swali tutakalolichunguza ni hili: Watu wafanyeje ili biashara iwaletee riziki bila ya kuwatia katika mtego? Kwani muuzaji anayemtegemea mnunuzi mmoja yu katika hatari, hata kama mnunuzi huyo ni tajiri na hulipa vizuri. Siku mnunuzi atakapogeuza nia, muuzaji atabaki na mali yake mikononi. Twaweza kulijibu swali hili kwa mambo yaliyotokea kweli hapa Meru na katika Afrika ya Mashariki, na mengine yametokea katika maisha ya wazazi wako.

Kabla ya serikali ya kikoloni kuingia, watu wa Mlima Kenya walikuwa na biashara yao. Wameru wa sehemu za juu walilima nafaka, maharagwe, viazi vikuu na ndizi. Watharaka walikaa chini, katika joto, kuelekea Mto Tana, wakilima mtama na mawele na kufuga mbuzi na nyuki. Kaskazini walikuwako wafugaji wa ng'ombe na ngamia. Mvua ilipokosekana huko chini, Mtharaka alipanda mlimani na mbuzi wake kutafuta chakula. Na mwenyeji wa mlimani alipotaka mifugo ya mahari, aliteremka na nafaka zake. Biashara hii ilikuwa kinga, na nguvu ya kinga hiyo ilitokana na tofauti ya nchi zao. Ukame haukuwapiga wote kwa siku moja wala kwa kipimo kimoja. Tena walijuana. Wengi walikuwa na rafiki au shemeji upande wa pili, na ahadi iliyovunjwa ilijulikana pande zote mbili. Sisemi kwamba hapakuwa na vita wala wizi wa mifugo, la. Vilikuwako. Lakini amani iliporudi, njia za biashara zilifunguka tena, kwa kuwa kila mmoja alimhitaji mwenzake.

Ukoloni uligeuza uso wa biashara. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ikafika Kisumu mwaka wa 1901. Tangu hapo njia kubwa za nchi zilielekea baharini. Mali ilitoka bara ikaenda pwani, na kutoka pwani ikaenda Ulaya. Nguo, majembe na sukari vikarudi kwa njia ile ile. Njia za zamani za kati ya mlima na nyanda hazikufa, ila hazikupewa barabara wala heshima. Ikawa ni rahisi gunia la mazao kusafirishwa hata Uingereza kuliko kufikishwa Uhabeshi, nchi iliyo jirani yetu.

Zao lililofunga ndoa ya Meru na soko la mbali ni kahawa. Kwa miaka mingi Waafrika wa Kenya walizuiwa kuilima, walowezi wakiishika peke yao. Katika miaka ya 1930 serikali ilianza kuwaruhusu Waafrika wachache katika Meru, Embu na Kisii kuipanda kwa majaribio, chini ya masharti makali. Mti huo ulistawi. Baada ya uhuru, kahawa ilijenga nyumba za mawe na kusomesha watoto wengi. Ni haki tuyataje mema yake. Walakini tazama jinsi biashara hii ilivyokuwa: mkulima alilima kitu asichokinywa, akakiuza kwa bei asiyoipanga, kwa mtu asiyemjua.

Bahati yake pia ilitoka mbali. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali ya jalidi iliunguza mashamba ya kahawa ya Brazili, hasa katika jimbo la Paraná. Kahawa ikawa haba duniani, bei ikapaa katika miaka ya 1976 na 1977, na mkulima wa Meru akapata fedha kwa sababu ya msiba wa mkulima mwenziwe aliye ng'ambo ya bahari. Kisha gurudumu likageuka. Tangu mwaka wa 1962 nchi zinazouza na zinazonunua kahawa zilikuwa na mapatano ya kugawana kiasi cha kuuza, ili bei isianguke mno. Mwezi wa Julai 1989 mpango huo wa viwango ulivunjika. Kila nchi ikamwaga kahawa yake sokoni, na bei ikashuka hata ikakaribia nusu. Katika msimu wa 1987/88 Kenya ilikuwa imevuna takriban tani 130,000. Katika miaka ya karibuni mavuno yamekuwa kama tani 50,000, na mara nyingine pungufu. Bei si sababu ya pekee: usimamizi mbaya wa vyama, madeni na kugawanyika kwa mashamba vilichangia. Lakini bei ndiyo iliyowavunja watu moyo, na baadhi yao wakaing'oa mikahawa yao.

Sasa tuje kwenye mfano wa karibu zaidi. Katika vilima vya Nyambene, upande wa Igembe na Tigania, hulimwa miraa. Sitaamua hapa kama kutafuna miraa ni jambo jema au baya. Hiyo ni hoja nyingine, na wazee wenye busara hawakubaliani. Nataka tuitazame kama biashara tu. Miraa haina subira. Siku mbili au tatu baada ya kuchumwa hupoteza nguvu yake, na bei yake hupotea pamoja nayo. Kwa hiyo magari huikimbiza kwa kasi ya kutisha hata Nairobi, na ndege huipokea huko. Kwa miaka mingi wanunuzi wakubwa wa ng'ambo walikuwa Somalia, Uingereza na Uholanzi.

Uholanzi ilipiga marufuku miraa mwanzoni mwa mwaka wa 2013. Uingereza ikafuata mwezi wa Juni 2014. Milango miwili ikafungwa, na uzito wote wa biashara ya nje ukaiegemea Somalia. Kisha mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, Somalia ilisimamisha safari za ndege, na miraa ikakwama. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Somalia ilikata uhusiano wa kibalozi na Kenya kwa ugomvi wa kisiasa. Uhusiano uliporudishwa mwaka wa 2021, mlango wa miraa haukufunguliwa pamoja nao. Ulifunguliwa mwezi wa Julai 2022, baada ya marais wa nchi hizo mbili kukutana Nairobi. Hesabu mwenyewe, msomaji: ni zaidi ya miaka miwili. Mkulima wa Maua hakuwa na neno katika ugomvi huo. Hakuulizwa ulipoanza, wala hakuulizwa ulipokwisha. Lakini karo ya mtoto wake ilitoka, au haikutoka, kwa amri za watu wasiolijua jina lake.

Kutokana na mifano hii miwili twaweza kuzitambua alama tatu za soko la hatari. Ya kwanza ni mnunuzi kuwa mmoja, au wachache mno. Ya pili ni mali isiyoweza kungoja, kwa kuwa huoza, au kwa kuwa mwenyewe ana njaa na deni. Ya tatu ni kukosa njia ya kugeukia: barabara, kiwanda, au jirani anayeitaka mali ile ile. Alama moja ikionekana, mtu ajihadhari. Zikikutana zote tatu, muuzaji amekuwa mateka, hata kama siku ya leo anahesabu noti.

Watu wengi husema kwamba dawa ya ugonjwa huu ni umoja wa majirani. Yafaa tuipime dawa hiyo kwa historia, kwani Afrika ya Mashariki imekwisha kuinywa mara mbili.

Mara ya kwanza ilianza wakati wa ukoloni. Kenya na Uganda ziliunganisha forodha zao mwaka wa 1917, na hata ilipofika mwaka wa 1927 Tanganyika ilikuwa imeingia. Nchi hizo zilitumia shilingi moja, reli moja, posta moja na, baadaye, shirika moja la ndege. Mwezi wa Juni 1963, Julius Nyerere, Milton Obote na Jomo Kenyatta walitangaza nia ya kuunda shirikisho. Shirikisho halikuzaliwa, na mwaka wa 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake. Hata hivyo mkataba wa ushirikiano ulitiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967, na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo, makao yake yakiwa Arusha.

Jumuiya hiyo ilikuwa na donda tangu utoto wake. Wakoloni waliviweka viwanda vingi Nairobi, na kwa hiyo Kenya iliwauzia wenzake zaidi ya ilivyonunua kwao. Tanzania na Uganda zililalamika kwamba soko la pamoja lilikuwa soko la mmoja. Mkataba ulijaribu kuliponya donda hilo: ofisi za mashirika ziligawanywa, reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta Kampala, benki ya maendeleo ikaundwa, na nchi zilizo nyuma zikaruhusiwa kutoza kodi maalum juu ya baadhi ya bidhaa za jirani. Haikutosha. Mwezi wa Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Marais watatu, ambao ndio waliokuwa mamlaka ya juu ya Jumuiya, hawakukutana tena. Mwanzoni mwa mwaka wa 1977 shirika la ndege lilivunjika, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari, na katikati ya mwaka huo Jumuiya ikafa. Mpaka ulikaa umefungwa hata mwezi wa Novemba 1983.

Angalia vizuri jambo hili. Soko la jirani nalo laweza kufungwa, na likifungwa huumiza kama lile la mbali. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini walisema pia, mtegemea cha ndugu hufa maskini. Methali hizi mbili hazipingani. Ya kwanza yatufundisha tumtafute jirani; ya pili yatuonya tusimlalie.

Tena, tusidhani kwamba mshirika wa hatari ni mtu mwingine daima. Kwa jirani zetu, mshirika wa hatari mara nyingine tumekuwa sisi. Uganda haina bahari, na kwa muda mrefu mizigo yake mingi imepita Mombasa. Mwaka wa 1976, Amin alipodai sehemu za magharibi ya Kenya kuwa ni za Uganda, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa kuishughulikia mizigo ya Uganda. Kosa lilikuwa la Amin. Njaa ya bidhaa iliwapata raia wake. Mwezi wa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wetu, reli iling'olewa pale Kibera, Nairobi, na mafuta yakawa haba na ghali huko Uganda na Rwanda, ambako hakuna aliyepiga kura katika uchaguzi wa Kenya. Na mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia ghafula mahindi ya Uganda na Tanzania kwa kuhofia sumukuvu. Baada ya siku chache zuio likageuzwa kuwa masharti ya upimaji, lakini malori yalikuwa yamekwisha kukaa mpakani. Hofu ya sumu ni ya haki, kwa maana sumukuvu huua. Ila amri ya ghafula humfunza jirani kutafuta njia nyingine. Mwaka wa 2016, Uganda ilipochagua mahali pa kupitisha bomba la mafuta yake ghafi, ilichagua Tanga badala ya pwani ya Kenya. Gharama na usalama vilipimwa katika uamuzi huo. Basi kila nchi ijiulize, kabla ya kuwashuku wengine, kama yenyewe ni mshirika wa kuaminika.

Mara ya pili viongozi walijifunza kitu. Mwaka wa 1984 nchi tatu zilipatana jinsi ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa, na mapatano hayo yaliacha mlango wazi wa kushirikiana tena. Tarehe 30 Novemba 1999 Rais Moi wa Kenya, Rais Mkapa wa Tanzania na Rais Museveni wa Uganda walitia sahihi mkataba mpya huko Arusha, nao ulianza kutumika mwezi wa Julai 2000. Umoja wa forodha ulipoanza mwaka wa 2005, donda la zamani lilikumbukwa: bidhaa za Tanzania na Uganda ziliingia Kenya bila ushuru, lakini baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru kwa wenzake, ukipunguzwa mwaka kwa mwaka kwa muda wa miaka mitano. Mwenye nguvu alikubali kungoja wenzake. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka wa 2007, soko la pamoja likaanza mwaka wa 2010, Sudan Kusini ikaingia mwaka wa 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka wa 2022, na Somalia ikakamilisha kuingia mwaka wa 2024. Hivyo nchi ile ile iliyowafungia wakulima wa Nyambene soko sasa imo katika mkataba mmoja nasi. Mkataba hauzuii ugomvi. Huweka mahali pa kuusemea kabla mlango haujafungwa.

Na Kibirichia je? Hapa zao kubwa ni viazi ulaya, ambavyo wenyewe twaviita waru. Katika Kenya viazi hushika nafasi ya pili baada ya mahindi katika mazao ya chakula. Aina inayopendwa zaidi huitwa Shangi: hukomaa upesi na huiva upesi jikoni, lakini huchipua upesi pia. Mkulima hawezi kuiweka ghalani akingojea bei nzuri. Dalali alijua hilo, naye kwa miaka mingi alinunua kwa magunia yaliyojazwa hata yakaota vichwa, mpaka kanuni za mwaka wa 2019 zikaweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Zile alama tatu za hatari nilizozitaja, basi, zimo hata humu shambani mwetu, ingawa hatujavuka mpaka wowote.

Mwezi wa Januari 2022 jambo la ajabu lilitokea. Kampuni moja ya kimataifa ya mikahawa iliishiwa na chipsi katika Kenya, kwa kuwa shehena yake ya viazi vilivyokatwa ilichelewa baharini. Watu walikasirika: vipi mtu aagize viazi ng'ambo, na milima yetu imejaa viazi? Kampuni ilijibu kwamba wauzaji wake lazima wapimwe na kuthibitishwa kwa kanuni zake, kisha ikasema itatafuta wakulima wa nchini. Hapa pana mafunzo mawili. Mnunuzi naye huingia hatarini akitegemea njia moja. Na muuzaji aliye karibu hapewi soko kwa ujirani wake peke yake. Atalipata kwa viazi vya kipimo kimoja, mbegu safi, na ghala la baridi lenye kuvihifadhi.

Umoja wa majirani una uchungu wake pia. Viazi na vitunguu vya Tanzania hupita mpakani vikashindana na vyetu katika masoko ya Nairobi, na mkulima wa hapa hunung'unika. Manung'uniko yake ni ya kweli. Lakini mpaka ukifungwa kwa viazi leo, kesho utafungwa kwa sabuni na saruji zetu, na Uganda, ambayo kwa miaka mingi imekuwa mnunuzi mkubwa wa bidhaa za Kenya, nayo itakuwa na orodha yake. Njia bora ni kupunguza gharama ya kulima na kuhifadhi, na kutafuta soko jingine. Nalo soko jingine liko mbele ya macho yetu. Barabara ya kutoka Isiolo hata Moyale imekwisha kutiwa lami, na mwezi wa Desemba 2020 kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa Moyale na viongozi wa Kenya na Uhabeshi. Ni upande ule ule ambao wazee wetu walielekea na nafaka zao.

Wewe, msomaji, kesho utakuwa mkulima, karani wa forodha, mfanyabiashara au mwalimu. Nakuomba ujizoeze kuuliza maswali matatu kila uonapo mali ikiuzwa: Wanunuzi wake ni wangapi? Yaweza kungoja kwa muda gani? Na mlango huu ukifungwa, uko wapi mwingine? Ukimkuta muuzaji asiyeweza kujibu, usimcheke. Kaa naye mhesabu pamoja, kwa maana nchi nzima zimewahi kushindwa na maswali hayo hayo.